Mzee wa Rufaa

Siku za rufaa hakuitikia shikamoo ya mtu yeyote. Alitoka nyumbani kwake Mlabani mapema, kabla jua halijaanza kuchoma, amefunga vifungo vyote vya koti lake la kaki mpaka shingoni, akapita nyuma ya nyumba za watu ili asikutane na mwenye kesi. Mtoto akimwamkia alinyanyua mkono tu na kuendelea na njia. Kwa watu wa Ifakara hilo lilikuwa jambo zito. Mtu mzima asiyeitikia salamu ana kiburi au anaumwa, na yeye hakuwa na kiburi wala hakuwa mgonjwa. Aliniambia siku moja kwamba aliogopa kumwitikia mmoja, mwenzake akasikia, na huyo mwenzake akaenda barazani akiwa ameshakata tamaa.

Tulimwita Mzee wa Rufaa. Jina lake la ubatizo nalijua, na la ukoo pia, lakini siyaandiki. Hata mkewe, mbele za watu, alimwita hivyohivyo. Mimi nilikuwa karani wa baraza dogo huku bondeni, lililosikiliza kesi za mashamba, ndoa, mbuzi na matusi. Asiyeridhika na hukumu yetu alikata rufaa, na rufaa zilisikilizwa ng'ambo ya mto Kilombero, juu mlimani, alikokaa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Huko palikuwa na hakimu mkuu na wazee watatu, kila mzee kutoka upande wake. Yeye alikuwa mzee wa upande wetu. Kazi yangu ilikuwa kubeba majalada ya kesi, kwa hiyo kwa miaka mingi tulivuka mto pamoja, tukakaa juu ya magunia ya lori moja, tukalala kwenye nyumba moja ya wageni. Nilimjua kuliko nilivyomjua baba yangu.

Zamani wazee wa rufaa waliteuliwa na Bwana Shauri mwenyewe. Halafu akaja Bwana Shauri mwingine, kijana mwembamba, akasema tangu sasa wananchi watachagua wenyewe watu wa kusikiliza rufaa zao. Tukaitana kwenye uwanja karibu na soko. Walitajwa wawili: yeye, na mtu mmoja aliyewahi kuwa jumbe, ambaye wiki nzima alikuwa akiwanywesha watu chai. Kila mtu alitakiwa kusimama nyuma ya amtakaye, nami nihesabu vichwa.

Aliyewahi kuwa jumbe alisema mengi, na aliyasema vizuri. Mzee wetu alipoitwa, alivua kofia.

"Mimi sikuomba," alisema. "Lakini mkisimama nyuma yangu, msije kwangu na kuku, wala samaki, wala maneno. Maneno yenu yapelekeni barazani."

Watu wakacheka, na walipoacha kucheka wakaanza kujipanga nyuma yake. Mstari wake ulitoka uwanjani, ukapita ukuta wa kanisa, ukapinda. Nilipata shida kuuhesabu kwa sababu wanawake waliokuwa na watoto mgongoni walikuwa wakitoka kwenda kivulini na kurudi. Yeye alisimama mbele, kofia mkononi, hakugeuka kuangalia nyuma hata mara moja.

Kila mmoja katika mstari ule alikwenda nyumbani akiwa na yake moyoni. Hilo tulikuja kulijua baadaye. Wengi waliamini wamepata mtu wao. Hazikupita siku nyingi mvuvi mmoja wa Lumemo akaja na kambale wawili wakubwa, akawaweka mlangoni na kuondoka bila kusema kitu. Mkewe Mzee aliwachukua akamfuata mpaka kwake kuwarudisha. Mvuvi akakataa kupokea, akisema samaki akishatoka kwa mtu harudi. Wale kambale walikaa juu ya jiwe katikati ya nyumba mbili, hakuna aliyewagusa, mpaka harufu ikawafukuza majirani.

"Sijawahi kulia kwa ajili ya samaki," mkewe aliniambia, "lakini siku ile nililia. Nyumbani tulikuwa na mchicha."

Alipolalamikiwa na watu kwamba wamemchagua awatetee na hawaoni faida, jibu lake lilikuwa moja tu: "Mlinichagua nisikilize." Walimwona kama anawachezea akili.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Kwenye bao alikuwa mwizi. Alikuwa na vidole virefu, na kete ikipita chini ya kiganja chake hukuweza kusema imekwenda wapi. Ukimshika, alishangaa kwa unyofu kiasi kwamba ulianza kujitilia shaka mwenyewe. Mimi alinila kwa miaka. Na nyumbani kwake mtu huyu aliyeamua mashauri ya watu hakuweza kuamua lolote. Wajukuu wakigombania kikombe alichukua jembe akaenda shambani. Posa ya binti yake mdogo ilikaa miezi minane bila jibu, kila mshenga akija anaambiwa Mzee analifikiria, hadi mkewe akawaita wakwe mwenyewe siku ambayo yeye alikuwa mlimani.

Jingine ni mapenzi yake kwa karatasi. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikicheza, kama alivyofundishwa na makatekista. Kwa sababu hiyo aliheshimu kilichoandikwa kuliko sisi tuliokiandika. Kabla ya kila safari alikuja ofisini kwangu akauliza: "Karani, umeandika yote?" Nami nilijibu ndiyo, yote. Katika vilabu na kwenye vikao vya ukoo aliwaambia watu wasiende barazani na hasira, waende na subira, waseme taratibu ili karani aandike, maana kule mlimani hawatamsikia mtu, watalisikia jalada. Aliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo namna ya mtu mdogo kupata haki yake: kuvusha neno lake mto likiwa kamili, hata akiwa hana nauli ya kulifuata.

Sasa nieleze kesi ya Mama Skola.

Mama Skola alikuwa mjane wa Katindiuka. Mumewe alikufa kwa homa akamwachia watoto wanne na shamba la mpunga, shamba zuri linalopata maji bila kuzama. Mwaka wa pili wa ujane, shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuja akalima katikati ya shamba. Alisema shamba ni lake, kwamba alimwazima mdogo wake alime tu. Mama Skola akamshitaki kwenye baraza letu.

Alisema barazani, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu, kwamba siku ya matanga ya mumewe huyu shemeji alisimama mbele ya watu wote akasema: "Shamba la ndugu yangu ni la watoto wake, mtu asiliguse." Alitaja waliokuwepo. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika. Hakimu wetu, ambaye shemeji yule alikuwa rafiki yake wa kunywa, akainama kidogo upande wangu.

"Hayo ya matangani acha," alisema. "Msibani watu husema lolote. Si ya shauri hili."

Nikaacha. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na karani aliyenitangulia aliondolewa kazini kwa kubishana na hakimu huyohuyo. Nasema hivyo kama nilivyojisemea siku ile. Mama Skola aliniona naweka kalamu chini, akadhani nimemaliza kuandika. Alishindwa, akakata rufaa.

Shemeji alitangulia; sisi tulivuka mto watu watatu: mimi na jalada, Mzee na koti lake, Mama Skola na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Mzee alikaa mwisho kabisa wa pantoni, ametugeuzia mgongo, kwa sababu yule mama alikuwa na kesi. Maji yalikuwa yamejaa, na vivuko vya siku zile vilivutwa kwa kamba, kwa hiyo tulikaa juu ya maji muda mrefu.

Mlimani jalada likasomwa. Hakimu mkuu, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, akamuuliza Mama Skola kama ana la kuongeza juu ya yaliyosomwa.

"Hayakusomwa yote," alisema. "Nilisema maneno ya matanga. Shemeji mwenyewe alitamka."

Hakimu mkuu akapekua karatasi mbele na nyuma. "Hayamo," akasema.

Nilimwona Mzee akisogea kwenye kiti chake. "Bwana Hakimu," alisema, "matanga hayo mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa wanaume. Maneno hayo niliyasikia."

Shemeji akaangalia chini.

"Mzee," hakimu mkuu akasema, na hakusema kwa ubaya, "wewe hapa ni shahidi au ni mzee wa baraza? Ukiwa shahidi, shuka kwenye kiti. Na ukishuka, rufaa haipokei shahidi mpya. Tunasikiliza kilichoandikwa kule chini. Ukiwa mzee wa baraza, huwezi kuhukumu kwa ulilolisikia msibani. Chagua moja."

Mzee alinigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama ukutani.

"Karani," aliniuliza, "mama huyu aliyasema haya barazani kwenu?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichokuwa nikifikiri, na sikumbuki kitu. Nakumbuka nzi kwenye wino.

"Aliyoyasema yote nimeandika, Mzee," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anakubali. Akabaki kwenye kiti. Wazee wengine wawili walisema hukumu ya chini isimame. Alipoulizwa yeye, alisema jalada halina neno la kumsaidia huyu mama, na kama jalada halina, yeye atalitoa wapi. Karani wa kule akaandika kwamba wazee wote wamekubaliana.

Mzee hakuishia hapo. Kesho yake asubuhi alimchukua Mama Skola mwenyewe mpaka ofisi ya Bwana Shauri, jambo ambalo mzee wa rufaa hakutakiwa kulifanya. Walisubiri kibarazani mwa ofisi mpaka saa nane. Yule kijana mwembamba aliwapokea vizuri, akaagiza jalada, akalisoma lote, akamwambia mkalimani awaeleze kwamba anasikitika, lakini katika karatasi hizi haoni kosa. Naye alikuwa akisema kweli. Katika karatasi zile hapakuwa na kosa.

Kurudi, kesi ilikuwa imekwisha, na Mzee alikaa karibu nasi kwenye pantoni. Mama Skola akafungua kikapu akatugawia mihogo iliyobaki. Tukala. Tulipofika katikati ya mto alisema, bila kumwangalia mtu:

"Baba, siku ile ya kuchaguana nilisimama nyuma yako. Jua kali, na mwanangu mdogo mgongoni."

"Najua, mwanangu," Mzee alisema.

"Ulinionaje, na hukugeuka?"

"Mtoto wako alikuwa akilia. Nilimjua kwa sauti."

Mama Skola akafunika kikapu chake.

Wakati wa kuchagua tena ulipofika, watu walikuwa wamemchoka. Waliokuwa upande wa mjane walisema alikuwa na kiti na hakukitumia. Waliokuwa upande wa shemeji walisema mzee gani wa baraza anayewasindikiza wanawake kwa Bwana Shauri. Mvuvi wa Lumemo alisema tangu mwanzo mtu huyu hakuwa wa watu. Yule aliyewahi kuwa jumbe alikuwa bado ananywesha chai.

Uwanja ulikuwa uleule. Nilihesabu mstari wa mwenzake mara mbili kwa urefu wake. Wa Mzee sikuhitaji kalamu. Palikuwa na mkewe, wakwe zake, makatekista wawili, vibarua wachache wa kanisani, na Mama Skola. Nilipomfikia nilishindwa kujizuia.

"Mama, na wewe bado uko hapa?"

"Nisimame wapi, karani?" aliuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelekezwa kweli. Nikamhesabu nikapita kwa mtu aliyefuata.

Mzee alimpa mwenzake mkono, akavaa kofia, akaondoka na mkewe. Tangu siku hiyo aliitikia salamu za kila mtu, kila siku, na alisimama kuulizia habari za nyumbani mpaka ukachelewa uendako.

Miaka ya mwisho kabla ya uhuru nilipewa uhamisho. Nilikuwa nimefunga mizigo, na nilijua nikiondoka na lile nililolificha, litakuwa langu milele. Kwa hiyo siku moja mchana nilimfuata shambani kwake, upande wa mto Lumemo. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Alikuwa amekaa juu ya dungu akivuta kamba za makopo kufukuza ndege, amekonda sana, na lile koti la kaki alikuwa amelivaa bila vifungo.

Tukasalimiana. Nikapanda nikakaa karibu naye.

"Mzee, nimekuja kwa ile kesi ya Mama Skola."

"Sema."

"Aliyasema. Yale ya matanga aliyasema yote, hakimu akanikataza, nikaacha kuandika. Na uliponiuliza mbele ya watu nikadanganya."

Alivuta kamba. Makopo yakalia, ndege wakaruka.

"Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Ulipojibu. Nilikuuliza kuhusu yeye, wewe ukanijibu kuhusu karatasi zako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. "Mbona hukuniambia? Tumesafiri pamoja miaka yote ile baadaye. Tumecheza bao."

"Nikuambie ili iweje? Wewe uliogopa kuondolewa kazini. Na mimi je? Hakimu mkuu aliniambia nichague. Ningeweza kushuka. Ningesimama mbele pale nikasema niliyoyasikia. Wasingeyapokea, najua. Lakini yule mama angeniona nimesimama." Akavuta tena kamba, ingawa ndege walikuwa bado hawajarudi. "Nilikaa, karani. Nilijiambia nikishuka leo, kesi nyingine zitakosa mtu. Sasa hizo kesi nyingine nazitafuta kichwani na siikumbuki hata moja."

Chini yetu mkewe alikuwa akipalilia pembeni mwa shamba, akitembea kwa magoti.

"Nataka niende kwa Mama Skola nimwambie," nikasema. "Kabla sijaondoka."

"Anakaa kwa binti yake siku hizi."

"Naijua nyumba."

"Mimi nilikwenda," alisema. "Mwaka jana, baada ya mavuno. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu yote, njia nzima nayarudia. Aliponiona uani aliinuka mbio, akanifutia kigoda kwa khanga yake, akaniambia, 'Baba, umeniletea karatasi?' Anadhani bado wanaisikiliza. Anadhani iko mahali, juu zaidi, kwa mtu mwingine, na siku moja nitaiteremsha."

"Ukamwambiaje?"

Mzee aliachia kamba, akawaangalia ndege walivyokuwa wakirudi mmoja mmoja juu ya mpunga.

"Nilimwambia nimepita kumsalimia tu," alisema. "Akafurahi. Akanipikia chakula, karani, nikala."